Fundi Kabale na Malori Yaliyoitwa Yarudi

Lori la Ekeno lilishika moto saa sita mchana, kilomita chache kabla ya kufika Gotu. Lilikuwa limebeba mbuzi sabini na wanawake watano wafanyabiashara kutoka Biliqo, wakienda mnadani Isiolo. Ekeno aliona moshi ukipanda mbele ya kioo, akasimamisha gari na kuwashusha wote. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, mbuzi waliruka wakatawanyika vichakani. Watu walizima moto kwa mchanga, wakiuchota kwa karai, kwa leso na kwa mikono mitupu. Hakuna aliyeumia. Lakini lori, ambalo lilikuwa halijamaliza hata miezi saba tangu linunuliwe, lilivutwa hadi Isiolo mjini likiwa jeusi mbele kama sufuria ya harusi.

Lilipelekwa kwa Kabale Dadacha, fundi mwenye gereji kando ya barabara ya Moyale.

Kabale alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Korbesa, kwa wafugaji, na ukame ndio uliomfikisha kwenye injini. Mwaka ambao mifugo ilikwisha, baba yake alimleta mjini kwa shangazi ili asomee ushonaji katika chuo cha ufundi. Darasa la ushonaji lilikuwa limejaa. Karani akamwambia upande wa magari kuna nafasi, naye akaona heri hiyo kuliko kurudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Shangazi hakuambiwa. Aligundua mwenyewe baada ya wiki moja, aliponusa dizeli kwenye mtandio. Sasa ilikuwa miaka ishirini na zaidi, na madereva wa Marsabit walikuwa tayari kupita gereji nne ili wafike kwake.

Ekeno alimweleza yaliyompata. Kampuni iliyouza lori ilikuwa imempigia simu tajiri wake, mwenye lori, na kusema kosa ni la dereva, kwamba hakupima oili, na isitoshe barabara za huko ni mbovu. Tajiri akamnyang'anya ufunguo.

"Fundi, mimi hupima oili kila asubuhi kabla sijagusa chai," alisema. "Miaka kumi na minane niko barabarani. Leo naitwa mzembe."

Kabale aliomba tochi, akaingia chini ya gari.

Alikaa huko karibu saa nzima. Alichokipata ni paipu nyembamba ya chuma, ile inayopeleka oili kwenye turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa. Pale inaposhikwa na kibano palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Injini ikitetemeka, oili ilipenya hapo na kurukia eksozi, bomba la moshi lililo moto. Kabale aliutazama ufa ule kwa muda mrefu. Mwezi uliopita alikuwa ameondoa paipu kama hii kwenye lori la miraa, nayo ilikuwa imepasuka papo hapo, chini ya kibano. Malori mawili, barabara tofauti, madereva tofauti, ufa mmoja.

Asubuhi iliyofuata alikwenda soko la mifugo, ambako malori sita ya aina ile yalikuwa yakingoja mzigo. Aliwaomba madereva wainue vichwa vya malori. Aliosha kila injini, akaikausha, kisha akainyunyizia unga wa ngano. Wengine walicheka, wakamuuliza kama anapika chapati. Aliwaambia wawashe injini na wangoje. Unga ulipoanza kuungua kidogo na kunukia, vicheko viliongezeka. Halafu mstari mweusi wa oili ukaanza kuteremka kwenye ule weupe, kutoka chini ya kibano, na vicheko vikakatika. Malori manne kati ya sita yalikuwa na mstari huo.

Hapo ndipo soko lilipochangamka. Kila dereva alishika simu kumtafuta mwenzake. Kabla ya adhuhuri picha za paipu zinazovuja zilikuwa zikimiminika kutoka Marsabit, Moyale na Maua, na Kabale alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu akiandika namba za injini kwenye daftari kwa furaha ya mtu aliyekuwa na shaka na sasa ana hakika.

Alituma kila kitu kwa kampuni. Siku nne zikapita kimya. Siku ya tano mhandisi wao, Kinoti, aliteremka getini akiwa amevaa shati jeupe. Alikuwa mtu wa adabu.

"Mama, haya malori yalipimwa kabla ya kuletwa Kenya," alisema.

"Basi tuyapime tena," Kabale akamjibu.

Lori moja lilikuwa tayari limeoshwa na kupakwa unga. Kinoti alilala chali juu ya kadibodi, akaangalia. Alipotoka, tone la oili lilikuwa limemwangukia kwenye kola, na hakujishughulisha nalo. Alisogea kando ya ukuta, akapiga simu Nairobi, akazungumza karibu saa nzima. Aliporudi neno mama lilikuwa limeachwa kule ukutani.

"Fundi," alisema, "naomba unionyeshe picha zote."

Siku mbili baadaye redio ilitangaza: malori yote ya aina ile yasimame mara moja, yapelekwe kwenye kituo cha karibu, yabadilishwe paipu na kibano bila malipo. Kituo cha kaskazini kilikuwa gereji ya Kabale. Tajiri wa Ekeno alikuja mwenyewe na ufunguo, akaomba radhi mbele ya watu.

Malori yalijipanga kutoka getini hadi kituo cha petroli. Wauza chai walihamia pale. Kabale alifunga paipu huku akiwaonyesha mafundi wa Kinoti namna ya kulegeza kibano, na kila lori likimalizika, namba yake ilikatwa kwenye orodha ya malori ya kaskazini. Siku ya tatu, kati ya namba thelathini na mbili, ilibaki moja. Ilikuwa ya lori la Abdihakim, lililoondoka alfajiri ile kwenda Korbesa na watu kumi na tisa wa harusi. Simu yake haikushika, kwa kuwa huko mbele hakuna mtandao.

Kabale alichukua paipu moja na spana. Kinoti akawasha pikapu yake, kisha akamwachia Ekeno usukani, maana ndiye aliyeijua njia.

Walipita Ngare Mara kwa kasi. Walivuka daraja la Gotu, na mchungaji mmoja akawaambia lori limepita sasa hivi. Punde wakaona vumbi mbele. Ekeno akapiga honi mfululizo, na lori badala ya kupunguza mwendo, likaongeza.

"Anadhani sisi ni majambazi," alisema Kabale. "Kata kwa njia ya ng'ombe."

Ekeno aliiacha barabara kuu, akapenya kati ya miti ya miiba huku Kinoti akishika dari kwa mikono yote miwili. Walitokea mbele ya lori, mbali kidogo. Kabale aliruka chini, akasimama katikati ya barabara na ovaroli yake, mikono juu. Lori lilikuja, likapungua, likasimama hatua thelathini kutoka kwake.

"Salaam aleikum, Abdihakim."

"Aleikum salaam. Dada, umenitisha."

"Zima injini. Shusha watu."

Walipoinua kichwa cha lori, oili ilikuwa tayari inachemka juu ya eksozi na moshi mwembamba ukipanda. Watu wa harusi walisimama kando, watoto wakiwa wamebebwa. Kabale aliimwagia eksozi mchanga, akangoja ipoe, akafunga paipu mpya. Injini ilipowashwa aliichungulia kwa dakika kumi. Kavu. Akasema neno hilo moja, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka mitini.

Kinoti alikata namba ya mwisho, akasema sasa wanaweza kurudi. Wenye harusi walikataa kabisa. Basi magari yote mawili yakaenda Korbesa, Kabale akiwa amekaa juu ya lori pamoja na shangazi za bwana harusi, akiimba nao.

Mzee Dadacha, baba yake, alimkuta amesimama uani kwa wenye harusi, na mafuta mikononi. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Kisha akauliza kwenye lori kulikuwa na watu wangapi.

"Kumi na tisa, abba."

Mzee akawageukia waliokuwa wamekaa karibu, akawaambia kwa sauti: "Huyu ni binti yangu. Ni fundi." Akamsogezea kiti chake.