Pumzi ya Baba katika Maji ya Chokaa

Mwalimu wetu wa kemia, kwetu mwalimu wa sekondari huitwa Profesa, alikuwa na imani moja iliyomchosha hata mkewe: kwamba mwanafunzi wa mji wetu wa Kasongo hafai kufanya mtihani wa Serikali kabla hajaona kwa macho yake kitu kimoja kikigeuka kuwa kingine. Shule haikuwa na maabara. Tulikuwa na ubao, chaki, na yeye.

Basi akatutuma tukusanye magamba ya konokono wa mtoni, wale ambao watu wa Nyangwe huwaleta pamoja na samaki. Akayaingiza katika tanuri la matofali la shemeji yake, yakaungua, yakatoka meupe na mepesi. Alipoyanyunyizia maji yalichemka bila moto, nasi tukarudi nyuma kwa makelele kama kuku walioona mwewe. Akaongeza maji mengi, akayaacha yatulie mpaka kesho yake. Chokaa nyingi ilibaki chini, maana ni mvivu wa kuyeyuka, na juu yakasimama maji maangavu ambayo ungeweza kumpa mgeni anywe. Hayo ndiyo maji ya chokaa, na ole wake atakayeyanywa.

Siku tuliyopanga kuyajaribu ndiyo siku baba yangu alitoka kwetu Wamaza kuja kunichukua. Nilikuwa mwaka wa sita, wa mwisho, nikilala kwa shangazi. Dada yangu alikuwa ameolewa, binti aliyebaki ni mimi, mpunga umeiva, na mama yuko peke yake shambani. Baba hakuwa mkali. Nilimpenda mno, na ndiyo sababu niliogopa: baba mkali unaweza kumkimbia, lakini baba mpole utamfuata tu. Alisimama mlangoni mwa darasa, vumbi la pikipiki mpaka kwenye nyusi, kofia mkononi. Nilijua nikipanda pikipiki ile, shule imekwisha.

Profesa, ambaye hakujua lolote, alifurahi kupata mgeni.

“Karibu sana, baba. Anza weye, kwa heshima.”

Akampa glasi ya maji yale na bua la jani la mpapai, lenye tundu kama mrija, akamwonya apulize tu ndani ya maji, asivute. Baba akapuliza. Maji yakawa meupe kama yale yaliyolowekwa muhogo.

Darasa likapiga makofi. Baba hakucheka. Zamani kwetu mganga aliyemtafuta mlozi, yaani mchawi, alitazama maji ndani ya bakuli, na baba, pamoja na ukristo wake wote, hakuwa amesahau.

“Mumenikaribisha hapa kunipima? Miye sina ulozi!”

Profesa akakimbilia glasi nyingine, akapuliza yeye mwenyewe. Nyeupe. Akampa kiranja wetu. Nyeupe. Masikini, alidhani anamtuliza.

“Basi walozi muko wengi,” baba akasema. Kisha akanigeukia. “Kusanya vitu vyako. Tunaenda sasa hivi.”

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mdomo ukaitangulia akili.

“Baba, bado. Yako haijaisha. Ikaa, puliza tena.”

Maisha yangu yote sikuwahi kumwamuru. Nadhani alikaa kwa mshangao tu. Akapuliza, mashavu yakimvimba, nami nikasimama kando yake nikimweleza kwa Kibangubangu cha nyumbani, maana Kifaransa cha daftari kisingemfikia. Nikamwambia pumzi ya kila aliye hai ina gesi moja, na gesi hiyo ikikutana na chokaa inarudisha lile gamba la konokono, unga usioyeyuka, ndio weupe ule. Gesi ikizidi, unga nao unageuka kitu kingine, na hicho kinayeyuka. Niliyasema kwa sauti ya mtu anayejua, huku moyoni nikimwomba Mungu, kwa kuwa kitabuni palikuwa na mistari miwili tu na sikuwa nimewahi kuona ikitokea.

Ilichukua muda. Nje mwenye pikipiki alipiga honi, akachoka. Jasho likamtoka baba. Ni mbishi, na ubishi huo nimeurithi. Darasa zima likawa kimya, Profesa naye kimya, mpaka baba akaona kidole chake upande wa pili wa glasi.

“Inarudi!”

Akaiinua dirishani. Maji maangavu kabisa.

“Ulijua itarudi?”

“Nilijua, baba.” Nusu ya jibu hilo ilikuwa uongo, na Mungu atanisamehe.

Hakuniambia nibaki. Alimrudishia Profesa glasi kwa mikono miwili, akashukuru, akavaa kofia, akapanda pikipiki bila mimi.

Yaliyofuata alinisimulia mama. Alimwona akishuka pale nyumbani, nyuma yake hakuna mtu.

“Mutoto iko wapi?”

Baba alichukua kisu cha kuvunia mpunga, kazi ambayo kwetu wanaume huwaachia wanawake, akaelekea shambani.

“Nilimukuta iko naeleza watu wakubwa, na wote wananyamaza,” alisema. “Miye ni nani nimukate maneno?”