Siku Niliyoinywesha Cherehani Maji

Jana mjukuu wangu alilala chini ya gari lake uani, akimwaga oili chafu kwenye karai. Harufu ile ya chuma kilichoungua ikanirudisha barazani kwetu, enzi za Mjerumani.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alasiri moja cherehani yake ililia kama panya aliyebanwa. Akaifungua, akafuta mafuta meusi ya zamani, akaingia ndani kuchukua mapya ya nyonyo. Mimi nilikuwa nimewasikia wakubwa wakinong'ona juu ya maji ya vita, yanayoshinda chuma cha Mzungu. Nikachota kata nzima ya maji mtungini, nikaimiminia cherehani, chuma kile cha Mzungu kishindwe, kinyamaze.

Nilijua nitachapwa. Baba aliikausha taratibu kwa upindo wa shuka yake, kisha akasema, "Maji hayashindi chuma, mwanangu. Yangeshinda, babu yako angekuwa hapa."

Mimi nilikuwa nimeambiwa babu amesafiri.

"Kaza kifuniko, maji yasiingie," nilimwambia mjukuu.

Akacheka. "Kumbe Bibi unajua injini?"

"Injini siijui," nikamjibu. "Maji ndiyo nayajua."