Siku Nilipoambiwa Bernard Ni Dubu

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tano, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na sioni haya kulisema, kwa sababu wengi walionipita darasani walikuja baadaye kuniomba kazi. Nilifika Stockholm na begi moja. Baada ya miaka minane nilikuwa na magari matatu ya kuhamisha watu nyumba, na ubavuni mwa kila gari pameandikwa BERNARD kwa herufi nyekundu, ndefu kama mkono wangu. Ukiwa Fittja unaniona, ukiwa Vällingby unaniona.

Jina hilo nilipewa na padre mzungu siku ya ubatizo, Burundi, kabla hatujakimbia. Alifungua kalenda yake, akasoma, akanimwagia maji. Kwetu, kila jina lililotoka mdomoni mwa padre lilikuwa limetoka kwenye Maandiko, na hakuna aliyeuliza zaidi. Nami nilikua nikijua kabisa kwamba Bernard wa kwanza alitembea na mitume.

Basi mke wangu akajifungua mtoto wa kiume, baada ya wasichana wanne. Nikataka aitwe Bernard. Lakini mke wangu ni mlokole. Mabinti wote aliwapa majina ya Maandiko, na kwa huyu pia hakutaka kulegeza.

"Baba watoto, nionyeshe Bernard kwenye Maandiko, na mimi mwenyewe nitamwandika."

Alisema hayo mbele ya kaka yake, aliyetoka Södertälje kuja kumwona mtoto. Ningenyamaza vipi?

"Shemeji, Jumapili njoo ule hapa," nikasema. "Nitakusomea sura na mstari."

"Nitakuja na miwani," akajibu.

Fomu ya jina ilikuwa juu ya friji. Tulikuwa tumepewa miezi mitatu kuirudisha serikalini, na ilikuwa imebaki wiki moja.

Alhamisi tulimhamisha mwalimu mstaafu wa pale Vällingby, mzee wa Kiswidi mwenye vitabu vingi kuliko vyombo. Piano yake tuliishusha kwa ngazi kutoka ghorofa ya tatu. Mkongo ninayefanya naye kazi alishika juu, mimi nikashika chini, kwenye uzito wote. Tulipoiweka kando ya gari, mzee alisimama akisoma zile herufi nyekundu.

"Bernard ni wewe?"

"Ndiye mimi."

"Jina linakufaa. Umebeba kama dubu."

Nilidhani ananisifu tu. Kumbe anaeleza. Akasema jina hilo ni la Wajerumani wa kale, watu wa misituni, na walikuwa nalo kabla hawajamjua Kristo. Nusu ya kwanza ni dubu, nusu ya pili ni ugumu, ushupavu. Walimpa mtoto wa kiume ili awe hivyo. Likavuka likaingia Ufaransa. Huko akatokea mtawa mmoja mwenye jina hilo, akawa mtakatifu, na wafuasi wake wakajenga nyumba zao za sala kila mahali, hata huku Sweden. Watu wakawaita watoto wao kwa jina lake. Mapadre nao wakaja nalo Afrika ndani ya kalenda. Hata wale mbwa wakubwa wa kuokoa watu kwenye theluji, akasema, wana jina hilo.

"Na kwenye Maandiko ni sura gani?" nikamwuliza.

"Hakuna sura. Halimo. Yule mtawa alizaliwa miaka zaidi ya elfu baada ya mitume."

Nilikaa kwenye kiti cha piano, pale pale njiani, watu wakipita.

"Patron," Mkongo akaniambia mimi bosi wake, "kumbe tumebandika mnyama kwenye magari matatu."

"Funga mdomo. Funga na kamba."

Siku tatu sikumwambia mtu. Usiku sikulala, mchana sikusikia njaa. Jumapili shemeji akaja, akala ndizi na maharage, akanawa, akatoa miwani mfukoni taratibu na kuivaa.

"Haya, shemeji. Sura gani?"

"Halimo," nikasema.

Mke wangu alikuwa anampakulia kaka yake tena. Hakuinua hata kichwa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kambini. Niliyasoma Maandiko yote mara mbili kabla hujanioa."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unalitangaza kwa furaha."

Hapo ndipo nilipopigwa hasa, kuliko Alhamisi. Kwenye harusi za watu, kwenye maombi, kwenye misiba, nimesimama mara ngapi nikijitapa na jina la mitume, naye amekaa kando yangu, ametulia, anajua.

"Maana yake ni nini?" akaniuliza.

"Dubu. Dubu shupavu."

Akacheka mpaka akaweka upawa chini. "Dubu yumo."

Akachukua kitabu, akafungua bila kutafuta, akampa mwenye miwani. Shemeji akasoma habari ya yule kijana mchungaji, yule wa kombeo na jiwe, aliyemwambia mfalme kwamba, akilinda kondoo wa baba yake, aliua simba na dubu. Mke wangu akashusha fomu kutoka juu ya friji na kuandika jina la mchungaji huyo, herufi kwa herufi, halafu akanisogezea kalamu.

"Baba watoto, saini."

Nilisaini kwa mkono ule ule ulioshusha piano.