Kitambaa Kimoja kwa Mbuzi Wote

Siku yangu ya kwanza kazini Ngara, Bwana Mifugo wa Wilaya alinikabidhi kikombe cheusi. "Ng'ombe akiugua, kijiji kizima kitakuita," alisema. "Mbuzi akiugua, wanachinja. Wewe wahi kabla ya kisu."

Kwenye kikombe kile unakamulia matone ya kwanza ya kila chuchu. Mabonge au damu huonekana wazi juu ya weusi, na hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa wa kiwele. Maziwa ya mbuzi huyo hayachanganywi na mengine. Akitibiwa, unasubiri siku zilizoandikwa kwenye dawa ndipo yanyweke.

Miaka ya wakimbizi nilipangiwa Mugoma, kwenye kikundi cha akina mama wenye mbuzi wa maziwa kumi na wawili. Mkamuaji wao alikuwa Melkiori, Mrundi wa makamo kutoka kambini. Ujira wake ulikuwa chupa ya maziwa kila asubuhi, kwa ajili ya mtoto wake aliyekataa uji wa mgao.

Asubuhi moja, tukiwa wawili tu bandani, nilimwagiza afute viwele vyote kwa kitambaa chenye maji ya dawa. Kimoja, kwa wote.

"Bwana Daktari," alisema, "kitambaa hiki kitasalimia wagonjwa na wazima. Kwetu mgonjwa hukamuliwa mwisho, na kila mmoja na kitambaa chake."

"Huko kwenu ulisomea udaktari chuo gani?" nilimuuliza. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na kozi fupi. Akainama, akafuta.

Baada ya majuma machache viwele vinne vilivimba, vina moto. Nikaandika kwenye daftari la kikundi: mkamuaji ni mchafu. Wakamwachisha siku hiyo hiyo. Aliosha ndoo, akaaga kila mtu.

Binti wa mwenyekiti wa kikundi aliposhika kazi, ugonjwa ukazidi. Bwana Mifugo akaja, akatazama ukamuaji mpaka mbuzi wa tatu.

"Nani kawafundisha hivi? Mnabeba ugonjwa chuchu hadi chuchu!"

"Melkiori alikuwa akifanya hivyo," binti alijibu.

"Basi mlifanya vyema kumwondoa."

Nami nilikuwa nimesimama palepale.

Juma lile nilimfuata Melkiori kambini, nikakiri. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umewaambia wao?"

"Bado."

"Basi hata kwangu hujafika, Bwana Daktari. Anzia kwao."

Sikuanza. Niliogopa kupoteza kazi. Nikahamishiwa Biharamulo, na kule Nyakahura nilifundisha kila mbuzi na kitambaa chake, mgonjwa mwisho. Nilisifiwa sana kwa maarifa ambayo hayakuwa yangu.

Nilipostaafu ndipo nilipokwenda Mugoma. Kambi ilikuwa imefungwa zamani. Mama Anastazia, yule mwenyekiti, alikuwa mzee, macho hafifu. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane.

"Na yule mtoto wake," aliniuliza, "alikunywa nini?"

Sikujua. Sijui hadi leo.