Jani Bila Jivu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto. Nilikuwa mke mgeni, nimetoka kwetu Kibondo nikaolewa huku Kasulu, upande wa Kagerankanda. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu kama ukuni, na maharage yake hayakuwahi kuliwa na fukusi. Ya majirani yalitobolewa yakawa kama chujio. Yake unayatoa chunguni miezi imepita, yanang'aa. Mavuno yangu ya kwanza yalipoingia nikamwomba dawa. Akanipa majani makavu ya kichaka fulani. Jina lake sikuandikii. Ukilitaka njoo nyumbani, uamkie, ukae, nikutazame macho kwanza.

Nikayatwanga, nikayachanganya na maharage ya mbegu, nikafunika. Kuja kufunua, unga mtupu na wadudu wanatembea. Ningesema? Niliogopa ataona namwita mwongo. Kila akiniuliza, "Mkamwana, dawa inafanya kazi?" najibu, "Inafanya sana, mama. Hata mdudu mmoja sijaona."

Msimu wa kupanda ulipofika akaja mwenyewe, akabeba chungu changu mpaka uani, akakimwaga juu ya mkeka mbele ya mawifi zangu. Vumbi likapanda. Wifi mmoja akauliza, "Hizi ni mbegu au ugoro?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mama mkwe hakucheka. Akasema, "Nilikupa nusu ya dawa kwa makusudi. Nilitaka kujua kama mwanangu ameniletea mtu au kasuku. Nusu nyingine utaipata siku utakayoweza kuniambia, mama, hapa umekosea."

Mwaka ule nilipanda mbegu za kuomba kwa watu; nusu ile niliipata baadaye, siku nilipothubutu kumwambia amekosea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na maharage.

Sasa sikiliza ya juzijuzi. Mjukuu wangu Neema yuko chuo, anasomea jinsi wadudu, mimea na dawa vinavyokutana, na jinsi kitu kimoja kikigusana na kingine vinavyobadilishana tabia. Likizo alikuja na wasichana watatu wa sekondari. Mwalimu wake anamwelekeza yeye, yeye anawaelekeza wao, kama ndoo ya maji inavyopokezwa kupanda mlima. Wamebeba chupa tupu.

"Mwakeye, bibi," akaniamkia kwa Kiha, na kabla chai haijapoa akaanza. "Tunaomba ile dawa yako ya maharage, tuifanyie utafiti. Ndiyo kazi yangu ya kumalizia chuo. Mwalimu nimeshamwambia haijawahi kushindwa."

Roho yangu ikafunga mlango. Watu wa madaftari nawajua mimi. Enzi za kambi ya wakimbizi ya Mtabila walipita huku wengi. Wakauliza tunakula nini, tunajitibu na nini, wakaandika, wakashukuru, vumbi la gari likatua, na jibu la maswali yao hatujalisikia mpaka leo. Anayekuuliza dawa huku ameshika kalamu, mtazame mikono kabla ya kumtazama meno. Neema ni damu yangu, sawa. Lakini lile daftari huko chuoni linasomwa na nani? Nikafanya kama marehemu mama mkwe: nikampa majani, nusu nyingine nikaikalia.

"Ni haya tu, bibi?"

"Ni hayo tu. Umewahi kuniona mchoyo?"

Wakajaza maharage kwenye chupa, nyingine wakatia majani, nyingine wakaziacha hivihivi, wakahesabu fukusi wa kutia kila chupa kama wanafunzi mstarini. Wakaondoka nazo.

Likizo inaelekea kuisha akarudi peke yake, asubuhi, mimi napepeta. Akasimama mlangoni anavutavuta kitambaa chake.

"Bibi, sijui niseme vipi."

"Sema kwa mdomo."

"Dawa yako haifanyi kitu. Chupa zenye majani na zisizo na majani, zote fukusi wamekula sawasawa."

"Na utaandika hivyo? Wakati mwalimu wako ulishamsifia? Hawatakurudisha mwaka?"

"Huenda wakanirudisha. Ila nitaandika nilichoona." Akakiachia kile kitambaa. "Lakini, bibi, maharage yako nimeyala tangu nina meno mawili, sijaona hata moja lenye tundu. Kwa hiyo aidha majani yananidanganya, au wewe."

Kumbe mtoto ananishuku kama ninavyomshuku. Nilitaka kukasirika, nikajikuta najivuna mpaka shingo inauma. Nikaenda mafigani, nikachota jivu, nikamwekea mikononi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa. Jani bila jivu ni mgeni asiye na mwenyeji."

Akalitazama lile jivu. "Bibi, umenila likizo nzima."

"Mimi nililiwa mbegu za mwaka. Wewe umepona. Na jivu nalo usiliamini kwa sababu nimesema mimi. Weka na chupa ya jivu peke yake. Pengine miaka yote hii nasifu jani, kumbe anayelima ni jivu."

Mwalimu wake akamwongezea muda. Chupa za jivu peke yake, fukusi walipungua. Zenye jani na jivu pamoja, karibu hakuna hata mmoja. Hilo halikunishangaza. Lililonishangaza ni kwamba alirudi na daftari, akakaa hapa kwenye kigoda, akanisomea ukurasa kwa ukurasa, panaponishinda ananigeuzia Kiha. Wa kwanza kunirudishia jibu. Penye zile chupa za mwanzo alikuwa ameandika: mwenye dawa alificha nusu.

"Nifute, bibi?"

"Acha. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Basi, mwanangu unayesoma, nakuambia hivi. Anayekuja kuchukua, mshuku. Anayekupa, mshuku pia, hata akiwa bibi yako, maana wazee tuna nusu tulizozikalia. Na ukishuku usinune pembeni; pima, uone, kisha urudi ukaseme ulichoona mbele ya yuleyule uliyemwogopa. Kumsifia mkubwa uongo si heshima, ni kumwachia fukusi chunguni.

Mungu akupe mikono ya kupima na miguu ya kurudi, na akujalie chungu ambacho hutaogopa kukifunua hata mbele ya mawifi.