Jicho la Mgawa Karata

Siku yangu ya kwanza mezani nilivaa suruali nyeusi ya kuazima, shati jeupe, na tai ya kipepeo iliyonikaba mpaka nikawa naongea kama mtu mwenye mafua. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, katika hoteli moja ya ufukweni mjini Mtwara. Hadi juma lililotangulia nilikuwa dobi wa hoteli hiyohiyo. Nilifua mashuka ya wageni kwa mikono, kwa sabuni iliyonibambua vidole hata nikawa naogopa kushika ndimu. Basi Meneja Mkuu akatukusanya uani, akasema wanunuzi wa korosho na mabaharia wanachoka kutazamana msimu mzima, kwa hiyo hoteli italeta meza ya karata. Akauliza nani kati yetu anajua karata. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Kujua nilijua, tena sana. Baba yangu alitoka Ukerewe kuja kuendesha winchi bandarini, akajenga mtaa wa Likombe, na kila Jumapili baada ya misa barazani kwetu ilichezwa albastini. Huo ni mchezo wa watu wanne, wawili kwa wawili, na wenzi hukaa wakitazamana. Siku moja mtu wa nne hakuja, baba akaniita kutoka jikoni, na tangu hapo jikoni Jumapili hawakuniona tena. Mimi na baba tulikuwa hatushikiki. Siri yetu ilikuwa ishara, kama ilivyo desturi ya mchezo wenyewe: kila jozi ina ishara zake za uso, na wapinzani wanaruhusiwa kuzidaka wakiweza. Zetu hakuna aliyezidaka. Nikiwa na mzungu wa nne, yaani mfalme, jicho la kushoto linafumba. Nikiwa na saba, pua inakunjamana. Nikiwa na ree, yaani karata ya moja, nauma mdomo wa chini. Nilianza nikiwa msichana mdogo, na miaka ilivyopita uso ukawa unafanya wenyewe bila kuniomba ruhusa.

Aliyetufundisha kazi ni Msimamizi wa Ukumbi, mtu mwembamba aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, mwenye kucha safi kuliko za bibi harusi. Asubuhi ile alinitupia karata mbili, mfalme na saba.

"Hesabu," akasema.

"Kumi na nne."

"Ngapi?"

"Kumi na nne, bosi. Mfalme nne, saba kumi."

Alinitazama kana kwamba nimetemea chai yake. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu ree ni kumi na moja, saba ni kumi, mfalme nne, mzungu wa tatu ni tatu, malkia ni mbili, na zinazobaki ni magarasa, hazina thamani yoyote.

"Na nane, tisa na kumi?" akauliza.

"Hizo tunaziondoa kabisa," nikamjibu kwa upole. "Zinajaza mkono bure."

"Mnaziondoa!" Akaketi. "Dada, hizo ndizo zinazolipa mshahara wangu."

Nikaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa ninyi vijana mnaobonyeza kamari kwenye simu bila kujua mnabonyeza nini, nitaeleza. Mchezo huu ni ishirini na moja, ambao wageni waliuita blakijeki. Karata za namba zina thamani ya namba zake, wazungu wote watatu, yaani karata za picha, ni kumi kumi, na ree ni moja au kumi na moja, utakavyo wewe. Unatafuta kukaribia ishirini na moja. Ukipita, umeungua, na karata zako zinafagiliwa. Wateja hawachezi wao kwa wao; kila mmoja anashindana na mgawa karata peke yake. Mgawa ana karata moja wazi na moja iliyofunikwa.

"Mgawa karata hana hiari," Msimamizi alikuwa akisema, akigonga meza kwa penseli. "Ukiwa na kumi na sita, unaongeza. Ukiwa na kumi na saba, unakaa. Hata aliye mbele yako akiwa mjomba wako, unakaa."

Hiari ni ya mteja, na humo ndimo mlimo na akili ya mchezo. Mteja mjinga anatazama karata zake tu. Mteja mwenye akili anatazama karata ya mgawa. Kwa kuwa karata za kumi ni nyingi, hesabu kwamba ile iliyofunikwa ni kumi. Mgawa akionyesha sita, basi huenda ana kumi na sita, na sheria inamlazimisha kuongeza. Wewe mwenye kumi na tatu tulia, muache aungue mwenyewe. Akionyesha kumi, wewe mwenye kumi na tano huna budi kuongeza, hata kama moyo unakataa. Nane mbili uzitenganishe ziwe mikono miwili, maana kumi na sita ni jumla mbaya kuliko zote. Kumi mbili uziache zilivyo. Tulikuwa na mnunuzi mmoja wa korosho kutoka Newala ambaye kila akipata kumi mbili alizitenganisha.

"Baba, ishirini inatosha," nilimwambia siku moja, ingawa hatukuruhusiwa kushauri.

"Binti, mimi ni mfanyabiashara," akajibu. "Nikipata gunia zuri nalifanya mawili."

Jioni hiyo aliondoka akiomba lifti.

Balaa langu lilianzia kwenye bima. Mgawa akionyesha ree, mteja anaweza kukata bima, yaani kuweka dau la pembeni kwamba iliyofunikwa ni kumi na mgawa tayari ana ishirini na moja. Vitabu vya mchezo vinamkataza mteja kukata bima, na vina haki, lakini waoga hawasomi vitabu. Kwetu utaratibu ulikuwa kwamba mgawa anainua ncha ya karata, anachungulia, ndipo anauliza, "Bima?" Baadaye niliambiwa kwingine wanauliza kwanza, kisha wanachungulia. Nadhani huko waliwahi kuwa na mtu kama mimi.

Maana kila nilipochungulia nikakuta mfalme, jicho la kushoto lilifumba. Nikikuta saba, pua ilikunjamana. Nilijitahidi. Nilikaza uso mpaka mashavu yakauma, lakini nikichungulia tu, jicho hilo. Wateja walilielewa kwa namna yao. Baharia mmoja aliniletea doti ya khanga. Mwingine aliniuliza kama nina mtu. Kisha mchana mmoja akaja mapokezi mke wa mkubwa wa ofisi moja pale mjini, kajifunga khanga kiunoni juu ya gauni la kazini, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Naomba nionyeshwe huyo mwenye jicho!"

Niliitwa ofisini kwa Meneja Mkuu, mzee mnene aliyeogopa kelele kuliko hasara.

"Restituta, unakonyeza waume za watu?"

"Hapana, bosi. Ni jicho tu."

Msimamizi alikuwa amesimama dirishani. Yeye hakuwa mtu wa kudanganyika kwa mambo ya mapenzi. "Linafumba akichungulia," akasema. "Asipochungulia, halifumbi. Hayo si mapenzi, mzee, hizo ni karata. Uso wake unasema, na siku akija anayeuelewa, tumekwisha." Akanigeukia. "Nani alikufundisha karata?"

"Baba."

"Mlete. Akae mezani, acheze nawe. Akiweza kukusoma, kesho unarudi dobi."

Nilitembea hadi Likombe nikiwa najiona nimeshafukuzwa. Baba hakuipenda kazi yangu hata siku moja. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na msimamo wake ulikuwa mmoja: karata za barazani ni mchezo, za hotelini ni kamari. Wanajumuiya wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Hotelini," halafu akaanzisha sala. Sasa alikuwa amepewa nafasi ya kunitoa mle bila ugomvi wowote. Alichotakiwa kufanya ni kusema kweli. Na mimi kazi ile nilikuwa nimeipenda. Niliipenda meza ya kijani, nilipenda watu wazima wakininyamazia nikichanganya karata, na vidole vyangu vilikuwa vimepona.

Nilimweleza yote bila kuficha. Alisikiliza, akauliza saa ngapi, akaenda kupiga pasi koti lake la misa.

Alasiri ile aliketi mbele yangu kana kwamba yuko mahakamani. Msimamizi alisimama nyuma ya kiti chake ili aone anachokiona yeye, na Meneja Mkuu akaketi pembeni na juisi. Baba akapewa tokeni za plastiki za mazoezi na akaelezwa sheria.

"Na saba ni saba tu, baba," nikaongeza.

"Nimesikia," akasema, ingawa nilimwona imemuuma.

Nikagawa. Karata yangu ya wazi ilikuwa ree. Nikainua ncha ya iliyofunikwa, nikamwona mfalme, na jicho likafumba. Lilifumba lote, kama mlango. Baba alinitazama moja kwa moja. Kwa miaka yote ya Jumapili alikuwa hajawahi kukosa kuliona jicho lile.

"Bima?" nikauliza.

"Sitaki bima," baba akasema.

Nikafunua mfalme. Ishirini na moja. Msimamizi akazichukua tokeni.

Mkono wa pili nilionyesha kumi, ambayo nayo mgawa huchungulia, nikakuta saba, na pua ikakunjamana. Mtu anayejua kwamba nina kumi na saba, naye ana kumi na sita, hawezi kukaa; akikaa ameshapoteza. Baba alikuwa na kumi na sita.

"Nakaa," akasema, akaweka mikono juu ya magoti.

Hapo nikaelewa anachofanya, na nusura niangushe karata zote. Mkono wa tatu nikaonyesha ree tena. Nikachungulia, nikaona tano, garasa tupu, na uso wangu ukatulia kama maji ya mtungi. Baba akakata bima. Ikapotea. Kisha, akiwa na kumi na tisa mkononi, akasema, "Niongeze." Nyuma yake Msimamizi alifumba macho kama mtu aliyeona ajali. Nikamwongezea, akaungua.

Waungwana, kushinda mara moja moja kunahitaji bahati tu. Kushindwa kila mara, bila kukosea, kunahitaji mtu ajue kila kitu. Lakini Msimamizi hilo hakuliona, maana alikuwa amechoka kutazama.

"Mzee, wewe na karata wapi na wapi?" akasema. Meneja Mkuu akacheka mpaka juisi ikamwagika. Baba, ambaye Likombe nzima hakuna aliyemweza, akainamisha kichwa.

"Niambie jambo moja," Msimamizi akasema. "Uso wa binti yako umekuonyesha chochote?"

"Hakuna," baba akajibu. "Ni ugonjwa wa jicho. Bibi yake alikuwa nao."

Bibi yangu alikuwa na macho ya tai mpaka anakufa. Lakini mambo yaliishia hapo. Meneja Mkuu aliagiza ninunuliwe miwani ya rangi ili wake za watu wapumzike, na Msimamizi akanipangia nichungulie nikiwa nimeinama. Njiani kurudi, karibu na nyumbani, baba akasema, "Ile ya pua umekunja mno. Hata kipofu angeiona."

Nilifanya kazi ile mpaka miaka ya elfu mbili inaelekea ukingoni. Niliwagawia wafanyabiashara waliovuka kivuko cha Kilambo kutoka Msumbiji, waliohesabu kwa Kireno wakikasirika na kwa Kimakonde wakishinda. Niliwagawia watu wa utafiti wa gesi, waliokuja na vitabu vya hesabu wakaondoka navyo hivyohivyo. Msimamizi alirudi Dar es Salaam, akaja Msimamizi mwanamke aliyenichachafya kwa mambo ya kucha, halafu Meneja Mkuu mpya aliyependa runinga kuliko meza. Hatimaye meza ikauzwa. Nikapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, nikarudi Likombe kulima mihogo.

Vijana huniuliza siri ya mchezo. Siri haipo. Fuateni kanuni nilizowaeleza mtapoteza polepole. Msipozifuata mtapoteza haraka. Mwenye meza hachoki, mnachoka ninyi. Kwa hiyo mimi mwenyewe sijawahi kuweka dau hata mara moja, na sitaweka.

Wengine huniuliza nilipata nini mle ndani, nami sijibu mshahara. Hukumbuka Jumapili iliyofuata jaribio lile. Tulikuwa kanisani, baba, mama na mimi, benchi la mbele la wenyeviti. Ulipofika wakati wa komunyo, watu wakainuka safu kwa safu. Baba hakuinuka. Tangu nilipozaliwa sikuwahi kumwona akibaki. Wanajumuiya wake walimpita mmoja mmoja wakimwangalia, na mama akamgusa bega, akidhani anaumwa. Nilijua ni ule uongo wa jicho; mwenye dhambi hapokei komunyo kabla ya kuungama. Nikamwinamia, nikamnong'oneza kwamba padri alikuwa akiungamisha jana jioni nzima, mbona hakwenda?

"Ningemwambia nini?" baba akasema, akitazama mbele. "Kuungama lazima ujute kwanza. Nami bado sijajuta."