Siku Niliyosaini Kwamba Mama Ni Marehemu

Mkasa huu umenigharimu mikungu kumi na miwili ya ndizi (nimeihesabu mara mbili), pamoja na jina langu zuri katika soko la Ikonge, na bado bei haijafika mwisho, maana kuna binti ambaye hadi leo hajui kama atasafiri. Aibu ninayo, lakini heri niisimulie mwenyewe kabla Mama Bosire muuza nyanya hajawafikia, kwa sababu yeye hutia chumvi kwa kijiko kikubwa.

Binti ni wa ndugu yangu mkubwa, aliyetangulia mbele za haki. Alipata nafasi ya kusomea shahada ya pili Marekani, chuo chenyewe kikilipa karo, lakini viza ilikuwa kama mvua ya Januari: leo redio inasema miadi imesitishwa, kesho imefunguliwa, keshokutwa wanataka kujua umeandika nini mtandaoni. Hatimaye akahojiwa, pasipoti ikabaki ubalozini, akaambiwa ataletewa. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, ikijizima inavyopenda, basi nikamwambia, "Mama, andika namba yangu. Mimi siibiwi." (Namwita Mama kwa sababu alipewa Moraa, jina la utotoni la mama yangu mzazi, naye hunijibu "mwanangu", ndivyo tulivyo sisi Abagusii, nyumbani, kanisani na sokoni yeye ni Moraa tu.)

Siku ya soko, nikiwa kwenye ndizi zangu, simu ikalia, namba ngeni, sauti ya kijana mwenye adabu nyingi, akisema analeta bahasha. Mimi mtu akiwa na adabu nyingi na bado hatujaanza kupatana bei, nashika mfuko. Alifika kwa bodaboda, viatu vyake safi (kwa matope ya Ikonge, viatu safi ni ushahidi), akaniomba kitambulisho. Nikamuuliza kwanza anataka pesa ngapi. Akasema hataki hata shilingi. Jamani, tapeli anayeomba mia tano bado ni mwanafunzi. Asiyeomba chochote ndiye mwalimu mkuu.

"Bahasha ni ya nani?"

"Yunia Nyanchama."

Yunia Nyanchama ni mama aliyenizaa, nilimzika mwenyewe, na kaburi lake naliona nikinywa chai.

"Yuko wapi nimkabidhi?" akauliza.

"Yuko nyuma ya nyumba yangu, karibu na migomba. Mpigie tuone kama atapokea."

Mama Bosire akadakia, "Hao ndio wanachukua mikopo kwa majina ya wafu! Baba Kerubo, usimwachilie!" Watu wakajaa. Kijana akakumbatia bahasha yake. "Mzee, kama hayuko, mimi narudisha tu Nairobi."

Ningemwacha aende, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mimi mtu wa kuhakikisha, nikasema hatoki mpaka aandike sababu kwenye kimashine chake cha kusainia mbele ya mashahidi: mpokeaji ni marehemu. Akaandika. Nikasoma mara mbili, nikasaini kwa kidole. Soko likanipigia makofi, nami nikainua mkono kama diwani.

Alasiri Moraa akafika kutoka Ekerenyo, nikamsimulia kwa sauti ili hata wauza mitumba wasikie.

"Alitaja jina gani?" akauliza.

"La mama yangu! Hebu fikiria!"

Akaketi juu ya mkungu. "Mwanangu," akasema polepole, "Moraa haliko kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Baba aliandikisha jina la bibi lote, Yunia Nyanchama. Mbona umenizika?"

Mama Bosire, yule yule, akaangua kicheko na soko zima likamfuata. "Baba Kerubo, matanga ni lini? Tulete sukari?"

Tulimfuata yule kijana hadi Nyamira mjini, tukaambiwa ameshaondoka, na niliporudi nilikuta majani makavu tu pale nilipoacha ndizi. Tukapiga simu ofisini kwao. Moraa akajitaja jina. Dada wa upande wa pili akasema kwa upole, "Pole sana. Na wewe ni nani wa marehemu?"

"Ni mimi mwenyewe!"

"Matapeli ni wengi siku hizi," akajibu dada (nikasikia ni kama mimi ninayeongea). "Leta barua ya chifu, la sivyo bahasha inarudi ubalozini."

Chifu akasema barua za kifo ameandika tele, ya uhai hajawahi, na anataka mashahidi wawili wa hapa Ikonge wasio wa ukoo, wanaomjua binti huyu kwa jina la Yunia. Sokoni wote wanamjua kwa jina la Moraa. Yunia wanayemjua wao ni yule niliyewathibitishia kwamba amekufa, wakapiga makofi.

Masomo yanaanza mwezi ujao. Kama viza imo ndani ya ile pasipoti au haimo, hatujui, kwa kuwa bahasha niliikataa kwa mkono wangu. Mama hanisemeshi, chai ananiwekea mezani na kuondoka. Nimeapa sitamfukuza tena mjumbe kabla sijauliza jina la cheti la kila mtoto wa ukoo wetu.

Kwa hiyo naomba ushauri kwa anayejua, na tafadhali usinipigie kwa namba ngeni: mtu aliyezikwa sokoni na mwanawe hufufuliwa katika ofisi gani?